Gari Lililofia Ilongero

Mume wangu alilipenda gari lake kuliko alivyonipenda mimi, na nilikuwa nikimwambia hivyo mbele ya wageni. Yeye alicheka tu, akafuta mikono kwa vipande vya vitambaa vyangu vya kushonea, akasema, "Wewe una cherehani yako. Na mimi niache na yangu." Yake yenyewe ilikuwa shangingi la zamani alilolinunua mnadani baada ya kustaafu udereva wa serikali. Lilikuwa gari refu, zito, la dizeli, ambalo mlango wake usipoubamiza haufungiki. Majirani zetu wa Utemini, pale Singida mjini, walidhani tumetajirika. Thubutu! Tulikuwa tumejinunulia matatizo yenye magurudumu manne.

Lakini alikuwa na mpango wake. Kwao ni Ilongero, na huko alizeti ikikauka watu huipiga kwa fimbo mpaka mabega yanauma. Yeye alitaka mashine ya kupukuchulia, aifunge juu ya tela, shangingi livute tela, wazunguke shamba kwa shamba wakati wa mavuno. Alisema gari la kubebea watu linakula tu, gari la kuvuta linalisha. Sisi hatukujaliwa mtoto. Nilipomuuliza mbona anajichosha uzeeni, alinijibu bila kunitazama, "Macho yako yanachoka. Siku hutaweza kutunga uzi kwenye sindano, na mimi sipo, utakula nini?" Nilimwambia atoke mbele yangu na habari zake za kufa. Akatoka, akaingia uvunguni mwa gari.

Alilirekebisha taratibu, kila alipopata kifaa. Aliongeza springi za nyuma ili mkia usikae chini tela likifungwa. Alitoa rejeta ya zamani, ile inayopoza maji ya injini, akaweka nene zaidi, maana injini inayovuta hupandwa na homa upesi. Alibadilisha mipira ya breki yote, akavuta waya za taa za tela, akanipigia kelele nilipokanyaga moja. Nilijifunza majina ya vyuma nisivyovihitaji, kwa sababu chakula cha jioni kilikuwa hakiliwi bila hadithi ya chuma. Kitu cha mwisho kilikuwa kile cha kufungia tela kwa nyuma, kipande kizito chenye kichwa cha mviringo kama ngumi. Alikichomelea mwenyewe, akanionyesha kwa majivuno, na mimi nikasema sawa, nimekiona, sasa njoo ule.

Asubuhi moja akaanguka bafuni. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, kikachukua na nusu ya maneno yake. Hospitalini kaka yake mkubwa alifika kabla ya jua kuwa kali. Alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama mdogo wake, kisha akanigeukia: "Na gari liko wapi? Funguo anazo nani?"

Nilimjibu, "Shikamoo shemeji." Maana nilikuwa sijamaliza kumsalimia.

Mume wangu alikuwa amefumba macho, lakini masikio hayakupooza. Aliporudi nyumbani, neno lake la kwanza lililoeleweka vizuri lilikuwa jina la rafiki yake wa Ilongero, mkulima na mfugaji, mtu waliyechunga naye tangu utotoni. Nikampigia simu, akaja. Mume wangu akamkabidhi funguo za gari, akamkabidhi na tela, juu yake ile mashine aliyokuwa amekwisha kuinunua. Alimkabidhi kama tunavyokabidhi ng'ombe.

Huo ndio utaratibu wa kwetu. Ng'ombe wakikuzidi, au huna nguvu za kuwatunza, unampelekea mtu unayemwamini akae nao. Yeye atakamua maziwa na kutumia samadi, na wewe unabaki mwenye ng'ombe. Akizaa unaambiwa. Akifa, mtunzaji anakuletea ngozi, ujue amekufa kweli, hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Ukiwa na shaka, unasema siku hiyo hiyo, mbele ya waliopo. Ukisema umepokea, basi, habari ya ng'ombe yule imefungwa. Na kuna adabu yake. Anayekabidhiwa haulizi kasoro za mnyama, maana ni kama kumwambia mwenzako kwamba amekuletea mgonjwa. Anayekabidhi naye haendi kukagua zizi la mwenzake. Heshima ni nzuri, lakini gari si ng'ombe, na hilo hakuna aliyelisema.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Yule rafiki alituletea mafuta ya alizeti, akaleta na chochote kilichopatikana, akakaa na mume wangu sebuleni wakiongea Kinyaturu polepole, mmoja akimalizia sentensi za mwingine. Hakuulizwa gari linaendeleaje. Mume wangu alikuwa akitamani kujua mpaka kidole chake kizima kinagonga mkono wa kiti, lakini hakuuliza. Nilitaka kuuliza mimi. Alinitazama kwa jicho ambalo kiharusi hakikuligusa, nikanyamaza.

Msimu uliofuata, yule rafiki alikuja kwa bodaboda, gunia mapajani. Siku hiyo kaka mkubwa alikuwapo, amekuja kumjulia hali mdogo wake, na kuijulia hali mali yake vilevile. Rafiki alisalimia, akakataa kiti, akapiga magoti kwenye mkeka, akalifungua gunia. Ndani yake kulikuwa na kile chuma cha kufungia tela, na bado kimeng'ang'ania kipande cha chesisi, ule mgongo wa chini wa gari, kilichochanika kama kitambaa kibovu.

"Ndugu yangu," akasema, "limekufa. Nimekuletea ngozi."

Akaeleza. Walikuwa wanatoka shamba la mbali, mashine juu ya tela na magunia juu ya mashine. Walipokuwa wanapanda kutoka korongoni, kwenye mchanga, injini ikachemka, naye akaogopa kusimama, maana akisimama hataondoka tena. Akaendelea kukanyaga. Hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ikapasuka. Gari liliposhtuka na kuzima, tela likavuta kwa nyuma, chuma kikang'oka na nyama yake, tela likarudi korongoni na kulala ubavu. Hakuna aliyeumia. Alirudia hilo mara mbili.

Mume wangu alinyoosha mkono wa kushoto, akapapasa pale palipochanika, akafuata mstari wa kuchomelea kwa kidole.

"Sikumaliza," akasema. Alihitaji muda mrefu kulitoa neno hilo. "Pale... nilishikiza tu. Palitaka bolti."

"Na mimi sikuuliza," rafiki akajibu.

Wakatazamana. Nimeona watu wakilia kwenye misiba, sijaona huzuni kama ile ya wazee wawili waliokuwa wameheshimiana mpaka gari likafa. Kisha mume wangu akasema, "Nimepokea." Akanipa ishara nikiweke chuma kile chini ya kitanda chake.

Mimi uvumilivu ulinishinda. Nikasema, jamani, hili ni gari! Ng'ombe akifa amekufa, gari linafufuliwa, mafundi wako pale mjini wanakaa bila kazi. Nikamgeukia kaka mkubwa nikamwomba tusaidiane kulivuta kutoka Ilongero na kulitengeneza, tela liinuke, mashine ifanye kazi. Yeye akacheka kidogo. "Shemeji, mwenyewe amepokea ngozi. Gari limekufa. Mimi siwezi kutupa pesa kwenye kaburi. Tulizike, tusahau." Akavaa kofia yake akaaga.

Tangu siku ile mume wangu aliacha kuongea habari za magari. Aligeuzia kiti chake ukutani, kule ambako hakuna dirisha. Chakula alikula kidogo, kwa kunifurahisha tu. Nikaona huyu anaondoka, na anaondoka akidhani ameniacha mikono mitupu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mimi kufa njaa sikuogopa sana, nimeshazoea kushona hadi mgongo ukatike. Niliogopa afe na mawazo yale kifuani.

Nikauza cherehani yangu ya pili, ile nzuri, nikaenda Ilongero. Gari lilikuwa nyuma ya zizi la yule rafiki, limefunikwa mabua ya uwele vizuri kabisa, na mbuzi wamelala uvunguni. Nililipiga teke gurudumu. Nikalia kidogo, nikalipiga tena. Yule rafiki alisimama pembeni akisubiri nimalize, kisha akatafuta trekta la kulivuta mpaka mjini; tela na mashine vikafuata. Ndiyo hivyo, gari lililojengwa ili livute likaingia Singida likivutwa, na watu wakitazama.

Fundi niliyempata alikuwa mtu mkali, nami ni mkali, kwa hiyo tulielewana. Alilala uvunguni, akatoka na kusema kwamba kazi yote ya marehemu ilikuwa nzuri isipokuwa pale nyuma. Nikamwambia, "Huyo unayemwita marehemu anakunywa chai nyumbani kwangu, shika adabu." Akaniomba radhi. Tukaanza.

Niliacha kushona saa za mchana, nikawa naenda gereji. Niliosha bolti kwa dizeli, nikashika taa, nikatumwa dukani na kurudishwa kwa sababu nimeleta saizi nyingine. Hedi ilipatikana kwenye gari la aina ile ile lililokuwa limekatwakatwa. Chesisi ilinyooshwa, ikavalishwa mabamba ya chuma ndani na nje, kama mimi ninavyotia kitambaa cha ndani kwenye kola ili isilegee. Nilipomwambia fundi hivyo alisema ndiyo hasa, mama, ni hiyo hiyo. Chuma cha kufungia tela kilitengenezwa kipya, kikafungwa kwa bolti nene zinazopenya pande zote mbili, na minyororo miwili ya akiba ikipishana chini yake. Rejeta ilizibuliwa, ikawekewa feni ya pili. Tela nalo likapewa breki zake lenyewe, lisiwe linasukuma gari kwenye mteremko. Na kiti cha dereva nilikishonea nguo mpya mwenyewe. Hapo sikuruhusu mtu aniingilie.

Kuendesha nilijifunzia uwanjani, uzeeni, huku vijana wa bodaboda wakinishangilia kwa dharau: "Bibi, usituue!" Niliwajibu kwamba nikitaka kuwaua nitashuka.

Siku nilipolileta nyumbani, yule rafiki wa Ilongero alikuwapo, na kaka mkubwa nilikuwa nimempigia simu aje aone. Hakuja. Niliingiza gari uani na tela lake nyuma, nikazima. Nilimtoa mume wangu ndani nikimshikilia kwapani. Nilikuwa na furaha kama bibi harusi. Nikamwambia, "Tazama gari lako."

Akalitazama. Alitazama muda mrefu, taa, springi, mpaka nyuma kule. Kisha akasema, "Si langu."

Nikadhani hajaona vizuri. Nikamvuta karibu.

"Langu lilikufa," akasema. "Nilipokea ngozi."

Ee Mungu wangu. Nimesimama gereji miezi, kucha zimekuwa nyeusi, nimeuza cherehani, halafu mtu ananiambia ngozi! Nilimsema. Nilimwambia ana moyo wa jiwe, nikamwambia kiharusi hakikuchukua ukaidi ila maneno mazuri tu. Yule rafiki alitazama chini. Mume wangu alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaomba arudishwe ndani. Jioni aliniomba nimwitie rafiki yake, wakafunga mlango. Nikaona wananisengenya, nikakaa jikoni nimenuna.

Alivyoendelea baada ya hapo ndivyo alivyozidi kuniudhi. Mgeni akija akisifia, "Mzee, gari lako limekuwa jipya!" yeye anajibu, "Si langu." Mchungaji alipokuja kumwombea na kulitaja gari katika sala, mume wangu alisubiri amina kisha akamsahihisha. Fundi alipopita kuangalia breki, aliambiwa aongee na mwenye gari, na kidole kikaelekezwa kwangu. Nilijua watu wanasema amenikasirikia kwa kuvunja heshima yake. Na mimi niliamini hivyo. Nililala karibu naye nikimpa mgongo.

Lakini msimu wa alizeti ulipokaribia, asubuhi moja alitembea na fimbo yake hadi mlangoni pa gari, akaniuliza, "Utanipakia?" Kwa upole, kama abiria anayeomba lifti. Nikamwambia panda, mzee, usiniletee maigizo. Akapanda.

Tulizunguka pamoja mavuno yote yale. Yeye upande wa abiria, dirisha wazi, kichwa kimeinama akiisikiliza injini. Maneno yalikuwa machache, kwa hiyo alinifundisha kwa kugonga mlango. Kugonga mara moja, punguza. Kugonga mfululizo, simama, mwanamke, unaua injini. Magunia yakipakiwa alihakikisha uzito unakaa mbele kidogo ya gurudumu la tela, usirundikwe nyuma, maana tela lenye makalio mazito hutikisa mkia na gari hutikisika nalo. Kwenye korongo alinifundisha nisikanyage kwa hasira. Ukiona mshale wa joto unapanda, simama, pumzisha, hakuna aibu. "Aibu ndiyo iliyoliua lile," alisema siku moja.

Kurudi nyuma na tela ndiko kulinitoa machozi. Ukitaka tela liende kushoto, usukani unakwenda kulia, na ukizidisha kidogo linajikunja. Tulikuwa kwenye shamba la mama mmoja, lango lake jembamba, ua wa minyaa pande zote mbili, watu wamejaa wakinitazama. Nilijaribu, nikaharibu. Nikajaribu tena, nikaharibu tena. Nikamgeukia nikasema siwezi. Akaweka mkono wake mzima juu ya wangu kwenye usukani, bila kuuvuta wala kuuzungusha, akauacha pale tu. Nikaingia. Watu wakapiga vigelegele, na yeye akanitazama kwa namna ambayo alikuwa hajanitazama tangu tukiwa vijana. Nilimsamehe ile ngozi yake palepale, ingawa sikumwambia.

Alifariki baada ya mavuno, akiwa usingizini, mkono ule ule mzima ukiwa chini ya shavu.

Tulimzika kwao. Siku ya kumaliza msiba ukoo ulikaa pale uani Ilongero, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na gari limeegeshwa nje ya ua. Kaka mkubwa alisafisha koo. Alinishukuru kwa kumuuguza ndugu yao. Akasema mjane atabaki na vyombo na cherehani yake, hilo halina mjadala. "Sasa tuje kwenye gari la marehemu."

Sikuwa na hati wala mtoto wa kusimama nyuma yangu, na karatasi zote za mnada zilikuwa na jina lake. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikakaza kanga kiunoni niinuke.

Yule rafiki ndiye aliyesimama. Alivua kofia.

"Gari lipi?" akauliza.

Watu wakacheka kidogo. Kaka mkubwa akaonyesha kwa fimbo: lile pale.

"Lile silo," rafiki akasema. "Gari la marehemu nilikabidhiwa mimi. Likafa mkononi mwangu. Nikampelekea ngozi, akapokea. Ngozi ikishapokelewa, nani anadai maziwa? Lile la pale limetengenezwa na huyu mama kwa cherehani yake na mikono yake. Marehemu hajawahi kulikubali hata siku moja. Aliyemsikia akiliita lake na asimame."

Hakusimama mtu. Mchungaji alitikisa kichwa kukubali, akasema hata yeye alisahihishwa.

"Shahidi wa hiyo ngozi ni nani?" kaka mkubwa akauliza, sauti imepanda.

"Ni wewe," rafiki akamjibu kwa heshima kabisa. "Ulikuwapo. Ulisema limekufa, tulizike, tusahau."

Wazee wakaongea kwa Kinyaturu, chini chini, mmoja akauliza kama ni kweli alitamka hivyo. Kaka mkubwa aliangalia mikono yake. Akasema ni kweli, alitamka. Wakaliacha gari, wakahamia kwenye mjadala wa shamba.

Kikao kilipoisha nilimfuata yule rafiki nimshukuru kwa akili yake. Akakataa. "Shemeji, mimi sina akili hiyo. Ile jioni ulipolileta gari, alinifungia mlango akaniambia, siku ikifika usiongeze wala usipunguze, sema lilivyokuwa. Ilimchukua saa nzima kuniambia. Mimi nilimwambia akueleze na wewe. Akasema hapana, mke wangu hawezi kuficha kitu usoni, kaka atagundua."

Nilikwenda mpaka kwenye gari, nikashindwa kupanda. Nilishika mlango nikalia kwa sauti, mbele ya ukoo mzima, kilio ambacho sikukilia makaburini. Mume wangu alikuwa amebakiwa na nusu ya maneno, na hayo machache yote aliyatumia kukikana kitu alichokipenda kuliko vyote, ili kibaki kwangu.